Sisi wa Bukoba Bado Tunajenga Vilevile

Jirani yetu anajenga. Juzi ilikuwa siku ya lenta, na huku kwetu Bukoba siku hiyo mwenye nyumba huwapikia mafundi ndizi na nyama, kwa sababu ukishafika lenta unaanza kuliona paa. Tulikuwa pale kama majirani, wengine tukisogeza ndoo za kokoto, na tuliona kwa macho yetu kilichowekwa ndani ya mbao kabla zege halijamwagwa. Zilikuwa nondo mbili nyembamba za milimita 8. Ringi zilizozishika zilikuwa zimeachana mno, kati ya moja na nyingine unaweza kulaza mkono wako kuanzia vidole hadi kiwiko. Kwenye kona nondo zilikatwa: za ukuta huu ziliishia hapa, za ukuta ule zikaanzia pale, na hakuna hata moja iliyopindwa ili ishikane na ya upande wa pili. Lenta yenyewe ilipita juu ya milango na madirisha tu. Ukuta wa nyuma, wa chumba cha watoto, hauna dirisha, kwa hiyo haukupata kitu.

Mzee mmoja kati yetu akamwuliza fundi, "Mwanangu, mbona kona hamkuifunga?"

Fundi akasimamisha beleshi. "Shikamoo mzee. Hela ya bosi ndiyo imeishia hapo."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Akatazama chini. Hakuna aliyemlaumu, maana nyumba za wengi wetu tuliokuwa pale zimejengwa hivyohivyo. Lakini kiwanja kile tunakijua sote. Nyumba inayojengwa sasa inasimama palepale ilipoangukia ile ya kwanza mwaka 2016.

Kwa ambao hawakuwepo, ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri. Ulianza mngurumo, tukadhani lori la mchanga linapita nyuma ya nyumba. Kisha sakafu ikapepetwa kama ungo. Vikombe viliruka kabatini, kuku wakapiga kelele kwa pamoja, na kabla mtu hajamaliza kulitaja jina la Mungu, kata yote ya Hamugembe ilikuwa imefunikwa na vumbi jekundu la tofali. Vumbi lilipotulia, mtu alikuwa anaona sebule ya jirani yake akiwa amesimama barabarani: kochi, kalenda ukutani, picha ya harusi, na ukuta wa mbele haupo. Hospitali ilijaa hadi watu wakatibiwa nje. Kesho yake tuliaga miili katika Uwanja wa Kaitaba. Keshokutwa yake ilikuwa Idi el Hajj, na wengi wetu tuliamkia sikukuu tukiwa tumelala uwanjani, chini ya khanga na migomba, kwa kuogopa kuingia ndani.

Serikali ilitangaza vifo vya watu 17 na majeruhi zaidi ya 400. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na maelfu mengine zikabaki na nyufa. Ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, nako watu walikufa.

Jambo linalotuuma ni kwamba tetemeko lile halikuwa kubwa. Lilipimwa 5.9, na lilitokea chini sana ardhini, kilomita 40 hivi, kaskazini-magharibi mwa mji. Kwa watu wa Chile tetemeko la ukubwa huo ni habari ya siku moja. Mwezi Februari 2010 Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa duniani, likafuatwa na mawimbi ya bahari, na waliokufa walikuwa mia tano na kidogo. Mwezi mmoja kabla yake, Haiti ilikuwa imepigwa na la 7.0, dogo mno ukililinganisha na lile, na watu waliokufa ni zaidi ya laki moja. Kilichozitenganisha nchi hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni nondo, zege, sheria inayofuatwa, na mkaguzi anayefika.

Wala asitokee mtu wa kutuambia kwamba lile la 2016 lilikuwa la mara moja, limeshapita. Tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910, upande wa Rukwa, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 7.4 hivi, kati ya matetemeko makubwa kabisa ya Afrika yaliyowahi kurekodiwa. Kwa hesabu za wataalamu, nguvu ya tetemeko kama hilo ni zaidi ya mara 150 ya lile lililotubomoa sisi. Wakati ule nyumba zilikuwa chache, nyingi za miti na nyasi. Leo pale kuna miji. Mwaka 1966 Toro, nchini Uganda, walizika watu zaidi ya mia. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, Bukavu na upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu walipigwa, na baadhi ya waliokufa walikuwa kanisani. Na watu wa Dar es Salaam wanaodhani haya ni mambo ya bara, wakumbuke usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, baharini kulipotikisika upande wa Mafia, wakashuka ngazi za maghorofa mbiombio na watoto mikononi.

Turudi kwetu. Baada ya maafa tulipata turubai, unga, blanketi na pole. Hatuyadharau hayo; aliyelala nje na mtoto wa miezi miwili anajua thamani ya turubai. Watanzania walituchangia, na majirani wa nje walituchangia. Januari 2017 Rais Magufuli alikuja akatuambia waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, kwamba nguvu itaelekezwa kwenye majengo na miundombinu ya umma. Maneno yale yalituchoma, lakini tuliyaelewa. Nchi haina fedha za kujenga nyumba elfu kwa elfu. Basi kila mtu ajijengee.

Sawa. Lakini kama kila mtu anajijengea, nani alitakiwa kutufundisha namna ya kujenga? Hapo ndipo lilipo nung'uniko letu. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka hadi wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine, na zilipojengwa upya walikuja wahandisi, wakaja na michoro na vipimo, na Ihungo ilijengwa kwa msaada wa Uingereza. Majengo yale ni mazuri na tunayaonea fahari. Ila ujuzi ule uliishia kwenye geti la shule. Haukushuka mtaani. Fundi aliyejenga nyumba zilizoanguka ndiye aliyeitwa wiki iliyofuata kuzijenga tena, kwa beleshi lilelile na kwa kipimo kilekile cha saruji, na hakuna aliyemwita pembeni akamwonyesha alipokosea. Sisi tulimlaumu fundi. Tulimwonea. Alijifunza kwa baba yake, na baba yake alijifunza kujenga nyumba isiyovuja na isiyoinama, basi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba inaweza kusukumwa kutoka ubavuni.

Nyumba ya tofali hubeba mzigo unaokuja kutoka juu, na hapo haina shida. Tetemeko huivuta kushoto na kulia, na kila ukuta unataka kwenda njia yake. Kama kuta nne hazikufungwa pamoja kwa mkanda mmoja wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, zinaachana kwenye kona, na ukuta ulioachwa peke yake huanguka. Tuliziona kona zile mwaka 2016: ufa unaoanzia juu, mpana wa kuingiza ngumi, unaoshuka hadi chini ukizidi kuwa mwembamba. Tuliona pia ile sehemu ya ukuta yenye pembe tatu chini ya paa. Huko juu watu hupanga tofali bila kufunga chochote, na ndizo zilizoangukia vitanda. Pembe tatu ile ikijengwa kwa mbao na bati haimuui mtu. Na nyumba nyingi zilizolala chini kabisa zilikuwa zimejengwa kwa tofali nzuri za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Tofali ilibaki nzima, udongo ukawa vumbi.

Wazee wetu walikuwa na mushonge, nyumba ya duara ya miti na nyasi, ambayo ikitikiswa hunesa kama kikapu. Hatusemi turudi huko. Tunasema kwamba tulipoacha miti tukashika tofali, tulichukua uzito bila kuchukua kanuni za kubeba uzito.

Kuhusu nyufa, kuna jambo linatutia hofu hadi leo. Methali ya kuziba ufa tunaifahamu wote, na tuliifuata. Nyumba zilizopasuka tuliziba kwa saruji, tukapiga lipu, tukapaka rangi. Ufa wa namna ile ukiuziba juujuu unakuwa umeuficha tu. Ukuta ndani umeshaachana. Baada ya tetemeko kuna mtu alipita mtaani kwetu na daftari, akaandika majina na idadi ya nyufa, akatuambia tusubiri wataalamu waje kusema ipi ikaliwe na ipi ibomolewe. Kwenye mtaa wetu hakurudi mtu. Nyumba zile sasa zina wapangaji. Mpangaji aliyehamia juzi kutoka Muleba anaona ukuta wa rangi ya maziwa, hajui kilicho nyuma yake.

Halafu kuna kibali. Tusidanganyane, wengi wetu tunajenga bila kibali, na tunakiri kosa. Lakini sikilizeni yanayompata anayekifuata. Mmoja wetu alikwenda ofisini mwaka ule aliojenga upya. Akaambiwa alete ramani. Mchora ramani wa karibu akampa nakala ya nyumba ya mtu mwingine iliyobadilishwa jina na namba ya kiwanja. Akalipa, akazungushwa wiki saba, akapata muhuri. Hakuna aliyekuja kuangalia msingi. Hakuna aliyekuja siku ya lenta. Walikuja mara moja tu, nyumba imeshaezekwa, kuuliza risiti. Sasa muhuri ule unamkinga nani? Tetemeko haliombi risiti.

Uturuki wamelilipia jambo hili kwa damu. Mwaka 2018 serikali yao ilitoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka taratibu: mwenye nyumba analipa ada, anapewa cheti, jengo linabaki kama lilivyo. Tarehe 6 Februari 2023 yakaja matetemeko mawili makubwa siku moja, la kwanza likiwa la 7.8, na katika nchi ile pekee walikufa watu zaidi ya 50,000. Sheria nzuri za ujenzi walikuwa nazo, zimeandikwa vizuri sana. Kwa hiyo hata sisi tukiandikiwa sheria mpya kesho, bila mtu wa kufika kiwanjani itakuwa karatasi.

Na majengo yetu hayahitaji hata kutikiswa ili yaanguke. Machi 2013, katikati ya Dar es Salaam, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka lenyewe likaua watu 36. Aprili 2016, Huruma jijini Nairobi, ghorofa la wapangaji lilianguka usiku wa mvua, wakafa watu 50 hivi. Novemba 2024 ikawa Kariakoo. Kila mara tunaunda tume, tunasoma majina, tunazika. Hapa Bukoba nasi tumeanza kupandisha maghorofa. Ukipita barabara kuu utaona namna yake: chini ni fremu za maduka, wazi mbele, nguzo nyembamba tu, juu ghorofa mbili au tatu za tofali nzito. Jengo la namna hiyo likitikiswa, miguu ndiyo inayokatika kwanza. Nchi zenye matetemeko zimeshajifunza hilo kwa kuzika watu. Na baadhi ya majengo hayo yanasimama bondeni, karibu na Mto Kanoni, kwenye udongo laini ambao hutikisika zaidi ya mwamba. Nani alimpimia mwenye jengo udongo ule? Tungependa kujua, kwa sababu watoto wetu wananunua daftari kwenye maduka yale.

Tukitaja watoto, kuna jambo tunapaswa kulisema kwa sauti. Ni Jumamosi iliyowaokoa. Saa tisa na nusu ya siku ya masomo, madarasa ya mkoa huu yangekuwa na watoto ndani. Kama ingekuwa saa tisa ya usiku, tungekuwa tumelala chini ya kuta zile. Tulipona kwa kalenda. Tangu hapo tumewauliza watoto wetu swali moja: ardhi ikitikisika mko darasani, mnafanya nini? Mmoja anasema, "Tunakimbia." Wa pili anasema, "Tunaingia chini ya dawati." Wa tatu anasema mwalimu hajafundisha. Wa sekondari ndio wanaotushangaza zaidi: wanaweza kukuchorea kitovu cha tetemeko, wakakutajia kipimo cha Richter na aina za mawimbi, wakapata alama zote, lakini hawajawahi hata siku moja kufanya zoezi la kutoka darasani kwa utaratibu. Japani kila tarehe 1 Septemba, kukumbuka tetemeko la Tokyo la 1923, watu hufanya mazoezi mashuleni na maofisini. Sisi tuna tarehe yetu, 10 Septemba. Inapita kama siku nyingine. Waliofiwa wanawasha mshumaa nyumbani.

Tunajua tutaambiwa umaskini. Ni kweli saruji ya Dar es Salaam inafika huku ikiwa imesafiri zaidi ya kilomita 1,300, na kila kilomita imeingia kwenye bei. Lakini pale kwa jirani tulikaa tukapiga hesabu, kwa penseli, kwenye mfuko mtupu wa saruji. Nyumba yake ina kuta zenye jumla ya mita 40 hivi. Mkanda wa kuizunguka yote kwa nondo nne za milimita 12 ungetaka nondo 14 za urefu wa kawaida wa mita 12. Ongeza waya wa ringi, ongeza mifuko kadhaa ya saruji. Ni fedha, hatukatai. Ila mwenye nyumba ameshatenga fedha ya kununua mlango wa mbele wa mninga na vigae vya sebule. Alipoona hesabu ile alikaa kimya, kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Kwa nini hamkuniambia kabla?"

Kwa nini hatukumwambia? Kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa na uhakika. Tuliyoyajua tumeyaokota vipandevipande: kijana aliyefanya kibarua Ihungo akaona wahandisi wakifunga kona, mwalimu mmoja aliyesoma, fundi mmoja aliyetoka kufanya kazi Kampala. Haikupaswa kuwa hivyo. Nchi ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ina Baraza la Ujenzi, ina idara nzima ya maafa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ina wanajiolojia Dodoma wanaopima mitikisiko. Tunachowaomba hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Mafundi wa kila kata wakusanywe siku tatu, wajenge kona moja ya mfano kwa mikono yao, waibomoe, waijenge tena, na wapewe cheti watakachotuonyesha tunapowaita kazini. Ukurasa mmoja wenye michoro, kwa Kiswahili, ubandikwe kila duka la vifaa, pale tunaponunulia nondo. Kibali kikitolewa, mkaguzi aje siku mbili, ya msingi na ya lenta, na asipofika siku aliyoandika, jina lake libandikwe ubaoni. Nyumba zilizopasuka 2016 zikaguliwe na mtu anayejua, hata kama jibu litatuuma, hata kama tutaambiwa tuhame. Na shule zifanye zoezi kila tarehe 10 Septemba.

Tumewahi kuyasema haya kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti aliandika. Tukaambiwa yatapelekwa juu.

Jirani yetu hakusubiri. Kesho yake asubuhi aliwaambia mafundi wabandue mbao za kona, zege likiwa bado bichi, wapige mbao na ukuta wa nyuma, na akaahirisha vigae. Fundi hakununa. Aliuliza tu, "Sasa nondo inapinda kiasi gani kwenye kona?", akachukua chaki, akataka tumwonyeshe. Alikuwa anataka kujua tangu zamani.

Wewe unayejenga mwaka huu, uwe Bukoba, Kigoma, Mbeya, Bukavu au Fort Portal, nenda mwenyewe kiwanjani siku ya lenta. Fika asubuhi, kabla zege halijachanganywa. Angalia mkanda umezunguka nyumba yote, hata ukuta usio na dirisha. Angalia nondo za kona zimepindwa na kupishana. Hesabu ringi. Kama kuna kinachokosekana, simamisha kazi siku hiyo, ununue, ndipo mmwage.